Laini Mbili, Mtaro Mmoja

Paliondokea chama cha akiba na mikopo, makao yake Kitale, tawi lake Bungoma. Usikitafute katika orodha za serikali, maana nimekitunga mimi, pamoja na watu wake na kampuni mbili zilizokiuzia intaneti. Lakini kioo, mwanga, barabara na namna faiba inavyokodishwa nchini Kenya sikuvitunga, na yaliyokipata chama hiki yanaweza kuipata zahanati, shule, kiwanda cha maziwa au ofisi ya kaunti, popote palipo na ofisi mbili zinazotegemeana na haraka ya kutia sahihi.

Wanachama wake walikuwa wakulima wa mahindi wa Trans Nzoia, walimu, na wachuuzi wa masoko ya Chwele na Kimilili. Zamani kila ofisi ilikuwa na daftari lake, na kila Ijumaa jioni hesabu za Bungoma zilipanda matatu kwenda Kitale ndani ya bahasha. Kisha chama kikanunua programu moja ya hesabu, kompyuta kuu ikawekwa Kitale, na karani wa kaunta kule Bungoma akawa anaisoma kupitia laini ya faiba. Kazi ilirahisika, makosa yakapungua. Ila sasa laini ikikatika, mama mwenye akiba yake halali hawezi kupewa Bungoma hata shilingi 500, kwa kuwa salio lake linajulikana Kitale peke yake.

Halmashauri iliiona hatari hiyo mapema, na kwa hilo wanastahili sifa. Mwenyekiti alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, na kila mtu, hata wazee wa rika lake, alimwita Mwalimu. Yeye ndiye aliyependekeza wanunue laini mbili kutoka kampuni mbili tofauti. "Moja ikilala, ya pili itakuwa macho," alisema, na hakuna aliyepinga. Afisa wa mitambo, binti aliyekuwa amefanya kazi pale tangu atoke chuoni, aliinua mkono.

"Mwalimu, naomba tuulize kwanza hizi laini zinapita wapi."

Wakala wa kampuni ya pili alikuwa mezani, akamjibu yeye mwenyewe. "Dada, mkondo huu ni wenu peke yenu. Haugusani na wa mtu mwingine, na data yenu haichanganyiki na ya mtu."

"Umesikia, mwanangu?" akasema Mwalimu. "Wa peke yetu."

Maneno hayo yakaandikwa katika kumbukumbu za mkutano, na mikataba miwili ikatiwa sahihi. Wakala hakuwa amesema uongo. Aliulizwa habari za njia, akajibu habari za mkondo, na mkutano mzima ukadhani ni kitu kimoja.

Ili kuona jinsi vitu hivyo viwili vinavyotofautiana ni lazima tuingie ndani ya kioo. Unyuzi mmoja wa faiba ya masafa marefu una unene wa maikromita 125, na maikromita 1,000 ndizo milimita 1. Katikati yake mna kiini cha maikromita 9 hivi, na humo ndimo mwanga unamosafiria. Kiini hicho kimetengenezwa ili mwanga upite humo polepole kidogo kuliko katika kioo kinachokizunguka, na kwa sababu hiyo kila unapoelekea kutoka pembeni hurudishwa ndani. Mwanga wenyewe jicho haliuoni. Uwezo wa jicho la binadamu huishia nanomita 700 na kitu, ilhali faiba ya masafa marefu hutumia mwanga wa nanomita 1,550 hivi, kwa maana hapo ndipo kioo safi kinapoumeza mwanga kidogo kuliko penginepo. Hata hapo nusu ya nguvu hupotea kila baada ya kilomita 15 hivi. Kutoka Kitale hadi Bungoma kwa barabara ya Webuye ni zaidi ya kilomita 80. Ukijumlisha na hasara ya kila kiungio, kinachofika ni asilimia chache tu ya kilichotumwa.

Mwanzoni unyuzi mmoja ulibeba mwanga wa leza moja. Ukitaka kupitisha data zaidi, uliiwasha na kuizima leza hiyo kwa kasi zaidi. Kasi ilipofika kikomo cha vifaa, ulitafuta unyuzi mwingine, na nyuzi zilipokwisha ukachimba mtaro mpya. Wahandisi wakapata njia nyingine: kutuma leza nyingi kwa pamoja katika unyuzi uleule, kila moja na urefu wake wa wimbi. Msikilizaji wa Bungoma analijua jambo hili bila kufundishwa. Hewa ya nyumbani kwake ni moja, Sulwe FM na West FM zote zimo ndani yake saa hiyohiyo, na redio yake inachagua moja kwa kuwa kila stesheni ina masafa yake. Mwanga na mawimbi ya redio ni jamaa moja, hutofautiana kwa masafa tu, na kinachowezekana hewani kikaja kuwezekana ndani ya kioo.

Pale Kitale, data za kila mteja huingia katika kadi yenye leza iliyopangiwa wimbi lake. Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano, ITU, umeweka orodha ya masafa yanayotumika, ikihesabiwa kutoka terahezi 193.1, na hatua za kawaida kati ya wimbi na jirani yake ni gigahezi 100 au 50. Hatua ya gigahezi 50 ni nanomita 0.4 tu hivi. Katika ukanda unaopendwa zaidi, kati ya nanomita 1,530 na 1,565, huweza kuingia mawimbi 80 na zaidi. Leza ikipata joto huhama, kwa hiyo kila moja ina kifaa cha kuishikilia kwenye nyuzijoto isiyobadilika, la sivyo ingemwingilia jirani. Mawimbi yote huingia katika multipleksa, nayo huyakusanya kwenye unyuzi mmoja. Upande wa Bungoma kifaa cha aina hiyo hiyo, kikifanya kazi kinyumenyume, huyatenga tena, kila wimbi likatokea mlango wake. Njiani, tuseme Webuye, wimbi moja linaweza kushushwa na jingine kupandishwa mahali pake, huku mengine yakipita moja kwa moja kuelekea Malaba na Uganda bila kuguswa.

Kikwazo cha miaka mingi kilikuwa umbali. Mwanga uliodhoofika ulilazimika kugeuzwa umeme, kusafishwa, kisha kurushwa upya, na kama mawimbi ni 80, kituo cha njiani kilihitaji mashine 80. Mwaka 1987 kundi la David Payne wa Chuo Kikuu cha Southampton, Uingereza, lilionyesha amplifaya, yaani kikuza mwanga, iliyotengenezwa kwa unyuzi uliotiwa metali iitwayo erbiamu. Leza ya pembeni huipa erbiamu nguvu, na mwanga wowote wa ukanda ule unaopita humo hutoka umekuzwa, mawimbi yote kwa pamoja, bila kugeuzwa umeme. Kufikia katikati ya miaka ya 1990 mitambo ya mawimbi mengi ilikuwa sokoni. Watu humtaja sana Charles Kao, aliyeonyesha mwaka 1966 kwamba kioo kikisafishwa vya kutosha kitabeba mawasiliano, akatuzwa Nobel mwaka 2009, mwaka uleule kebo za baharini za TEAMS na SEACOM zilipofika Mombasa na Kenya ikaanza kuagana na setilaiti. Anastahili kutajwa. Lakini kwa maoni yangu, mkulima wa Kiminini anayetuma picha ya mahindi yenye ugonjwa kwa simu yake anadaiwa shukrani na erbiamu sawasawa na anavyodaiwa na Kao, kwa sababu bila amplifaya ile mawimbi mengi yasingevuka hata kaunti kwa bei ambayo mtu wa kawaida anaimudu.

Faida ya mpango huu huonekana kwanza katika udongo usiochimbwa. Kebo ya EASSy, iliyoanza kazi mwaka 2010, imeongezwa uwezo zaidi ya mara moja kwa kubadilisha vifaa vya nchi kavu tu, kebo yenyewe ikiendelea kulala chini ya bahari. Wimbi lililobeba gigabiti 10 kwa sekunde hubeba 100 likipewa kadi mpya zenye akili zaidi ya kusoma mwanga, na mawimbi 80 ya gigabiti 100 ni terabiti 8 katika jozi moja ya nyuzi, mmoja wa kwenda na mmoja wa kurudi. Nchi kavu nafuu hiyo huonekana wazi zaidi. Kuchimba mtaro kutoka Kitale hadi Bungoma ni vibali vya mamlaka za barabara, ni kuvuka mito, ni mazungumzo na kila mwenye duka ambaye mbele ya mlango wake patafukuliwa. Kuongeza wimbi ni kuchomeka kadi mbili, moja kila upande.

Faida nyingine ni kwamba mawimbi hayajuani. Moja linaweza kubeba simu, la pili benki, la tatu chuo kikuu, kila moja kwa kasi na lugha yake ya mitambo, na hitilafu ya kadi moja haimgusi jirani. Uhuru huo ndio uliozaa biashara ya kukodisha. Nchini Kenya serikali ilianza kujenga mtandao wake wa taifa wa faiba, NOFBI, mwaka 2007. Kenya Power nayo hukodisha nyuzi zilizo ndani ya waya wa juu kabisa wa minara yake ya umeme. Na kampuni za mawasiliano hukodishiana nyuzi nzima, wimbi moja, au sehemu ya wimbi. Anayekodi wimbi huweka bei yake, nembo yake na mkataba wake. Kwa njia hiyo mji mdogo hupata wauzaji wawili au watatu ambako mtaji wa kuchimba ungemruhusu mmoja tu. Ni jambo jema, na nisingependa mtu amalize kusoma kisa hiki akiogopa mawimbi.

Kuna pia mpango wa bei nafuu, wenye mawimbi 18 tu yaliyoachana kwa nanomita 20, usiohitaji leza zinazolindwa joto. Unafaa ndani ya mji, tuseme kati ya hospitali ya Bungoma na ofisi za kaunti. Wengi wamejaribiwa kuunyoosha hadi mbali. Lakini mawimbi yake mengi yako nje ya ukanda wa erbiamu, kwa hiyo hayakuziki njiani.

Turudi kwa chama. Kampuni ya kwanza ilikuwa na kebo yake, imefukiwa kando ya barabara ya Kitale, Kiminini, Kamukuywa na Webuye, kisha Bungoma. Kampuni ya pili haikuwa na kebo upande huo. Ilikuwa imekodi wimbi moja kutoka kampuni ya kwanza, katika jozi ileile ya nyuzi, na ndani ya wimbi hilo ikakiuzia chama laini yake. Hakuna sheria iliyovunjwa. Data za laini mbili hazikugusana hata mara moja, kama wakala alivyoahidi. Zilisafiri nanomita chache mbalimbali, katika kiini kimoja cha maikromita 9, ndani ya kebo moja, kwenye mtaro mmoja.

Miezi mingi hakuna aliyeona tatizo. Kadi ya kampuni ya kwanza iliharibika siku moja, laini ya pili ikashika kazi, na Bungoma hawakujua. Mwalimu aliitaja siku hiyo katika mkutano mkuu kama ushahidi kwamba fedha za wanachama zilitumika vizuri. Hapo ndipo hatari ya mpango kama huu inapojificha: jaribio dogo hufaulu, na kufaulu kwake huchukuliwa badala ya jaribio kubwa ambalo halijafanywa. Kadi mbili zilikuwa mbili kweli. Mtaro haujawahi kuulizwa.

Aprili ikafika, mvua zikashika, na wakulima wakaja kuchukua mikopo ya mbolea na mbegu. Katika Trans Nzoia na Bungoma anayechelewa kupanda hulipia kuchelewa huko wakati wa mavuno, kwa hiyo foleni za mwezi huo hazina mzaha. Asubuhi moja tingatinga la mkandarasi lilikuwa likizibua mifereji ya barabara karibu na Kamukuywa. Kebo haikuwa imefukiwa kina kilichoandikwa, au mvua za miaka zilikuwa zimeula udongo wa juu. Kwa vyovyote meno ya tingatinga yaliikuta. Dereva alivuta mara moja, akaona mpira mweusi, akasimama.

Kitale taa mbili za ruta zikawa nyekundu kwa wakati mmoja. Binti yule alidhani ni umeme. Akaangalia umeme, upo. Akaangalia ruta, nzima. Baada ya nusu saa ujumbe wa kampuni ya kwanza ukaingia simuni: kebo imekatika, kilomita 33 kutoka Kitale, maeneo ya Kamukuywa, mafundi wako njiani. Akashusha pumzi, akangoja habari ya ile nyingine, ambayo kwa hesabu yake lazima ilikuwa na ugonjwa wake tofauti. Ulipokuja ujumbe wa kampuni ya pili ulisema: kilomita 33 kutoka Kitale, maeneo ya Kamukuywa. Aliziweka simu mbili mezani, moja kando ya nyingine, akaenda kumwita Mwalimu.

Umbali ule haukuwa wa kukisia. Mtambo wa kampuni hutuma mpigo mfupi wa mwanga ndani ya unyuzi na kupima mwangwi unaorudi. Kioo hupitisha mwanga kwa kasi ya kilomita 200,000 hivi kwa sekunde, na muda wa mwangwi hutoa umbali hadi palipokatika. Kinachopimwa ni urefu wa kioo, na kwa kuwa mafundi huacha mizunguko ya akiba kwenye mashimo ya kebo, fundi mzoefu hupunguza kidogo anapotafuta mahali penyewe barabarani. Kampuni ya pili haikupima chochote. Ilinakili jibu la mwenye kebo.

Mchana binti alipanda matatu hadi Kamukuywa. Alikuta kundi moja la mafundi, chini ya turubai, matope hadi magotini. Fundi aliyekuwa na mashine ya kuunganisha alikuwa amezichambua nyuzi kwa rangi zao za nje, bluu, chungwa, kijani, kahawia, zile rangi 12 zinazofuatana ambazo kila fundi wa faiba huzijua kwa moyo.

"Shikamoo, fundi. Mafundi wa kampuni ya pili wako wapi?"

"Marahaba, dada. Kampuni gani tena? Hapa ni sisi tu." Alipotajiwa jina alitikisa kichwa. "Hao wamo humuhumu. Wa bluu na wa chungwa ndizo zenye multipleksa. Mteja akinunua kwetu, yumo. Akinunua kwao, yumo."

Binti aliinama ili aone ncha ya unyuzi. Fundi akaweka mkono wake mbele haraka. "Usichungulie hapo! Mwanga wake hutauona, na jicho likiungua halipati dawa. Mtambo hujizima wenyewe kebo ikikatika, lakini mimi siweki jicho langu rehani kwa mashine." Hilo ni funzo linalosimama peke yake, na ningependa kila kijana anayefanya kazi karibu na faiba alishike: ncha ya unyuzi hupimwa kwa kifaa, haipimwi kwa jicho.

Fundi aliunganisha wa bluu na wa chungwa kwanza, kwa sababu ndizo zilizobeba wateja wengi. Kila unyuzi husafishwa, hukatwa ncha ikawa bapa, hulainishwa kwa cheche ya umeme mpaka ncha mbili ziyeyukiane, kisha hufunikwa. Jioni ilipoingia laini mbili za chama zilirudi katika dakika moja. Ofisi ya Bungoma ilikuwa imekwisha kufungwa. Wakulima waliotoka Sirisia na Chwele na kurudi mikono mitupu walikuwa njiani kwenda nyumbani, na baadhi yao walikopa mbolea kwa duka la mtu binafsi kwa riba ambayo chama kiliundwa ili kuwaepusha nayo.

Nani alaumiwe? Wengi kwenye mkutano wa dharura walimlaumu dereva wa tingatinga. Mimi siungi mkono. Barabara zitachimbwa kila mwaka, kebo zitakatwa na watu wanaodhani ndani mna shaba, mvua itaendelea kula kingo za barabara. Kukatika ni sehemu ya maisha ya faiba. Kosa lilikuwa kununua kinga ya kukatika bila kuuliza kinga hiyo imelala wapi.

Kosa hilo si la vyama vidogo peke yake. Jumapili tarehe 12 Mei 2024, kebo za EASSy na SEACOM zilikatika kwa pamoja baharini kaskazini mwa Durban, pwani ya Afrika Kusini. Hizo ni kebo mbili za kweli, za wenyewe mbalimbali, lakini zilipita karibu karibu, na kilichoipata moja kiliipata nyingine. Upande wa kaskazini SEACOM ilikuwa imekwisha kukatika katika Bahari ya Shamu tangu Februari ya mwaka huo. Intaneti ikazorota Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Malawi na Msumbiji, na meli ya kutengeneza kebo, Léon Thévenin, ilibidi isafiri kutoka Cape Town. Kabla ya hapo, Februari 2012, meli iliyokuwa ikingoja kuingia bandari ya Mombasa iliteremsha nanga mahali palipokatazwa ikaikata TEAMS, siku chache baada ya kebo nyingine kukatika Bahari ya Shamu. Nchi zilizodhani zina milango miwili zilijikuta nje ya yote miwili. Tofauti na chama chetu, wao angalau hawakuwa na njia ya kuhamisha bahari.

Chama kilikuwa na njia. Mwalimu alisimama kwenye mkutano, akasema yeye ndiye aliyefunga mjadala siku binti alipouliza, na kwamba safari hii binti ndiye atakayeandika masharti. "Maji mkiyavulia nguo hamna budi kuyaoga," akawaambia waliolalamikia gharama.

Binti hakuomba laini ya tatu. Aliomba ramani. Aliitaka kampuni ya pili ionyeshe kila kipande cha kebo kutoka mlango wa ofisi ya Kitale hadi mlango wa Bungoma, pamoja na jina la mwenye kila kipande. Kisha akadai laini hiyo ihamishiwe njia ya Moi's Bridge na Eldoret, ipite Turbo hadi Webuye, na kutoka Webuye hadi Bungoma, ambako njia zote mbili hukutana, ipande minara ya umeme badala ya kulala mtaroni. Kampuni ilisema njia hiyo ni karibu kilomita 160 na bei itapanda. Ilipanda. Alipofuatilia mita za mwisho aligundua jambo lililomsikitisha kuliko Kamukuywa: nyuma ya jengo la Kitale laini zote mbili ziliingia kwa bomba moja, na mwiko wa fundi wa majitaka ungetosha kuzimaliza. Moja ikahamishiwa ukuta wa mbele. Ruta zikapewa betri mbalimbali.

Kampuni kubwa zina kinga ya namna hii ndani ya mitandao yao. Wimbi likipangwa katika pete, mtambo huweza kulihamishia upande wa pili katika milisekunde 50 au chini yake, na mtumiaji hata simu yake haikatiki. Mnunuzi aulize kama wimbi analouziwa lina kinga hiyo, kwa sababu huuzwa lenye kinga na lisilo nayo, na lisilo nayo ndilo lenye bei ya kupendeza.

Sharti la mwisho alilolitia katika mkataba ndilo lililowachosha mawakili: kampuni isilihamishe wimbi la chama kwenda unyuzi mwingine bila kukiarifu kwa maandishi. Walimuuliza kwa nini. Akawaeleza kwamba mitambo ya siku hizi huelekeza wimbi kwa amri ya kompyuta. Mtu aliye ofisini Nairobi huweza kulitoa njia ya Eldoret na kulipitisha Kamukuywa bila fundi yeyote kugusa kebo, na ramani iliyokuwa kweli Januari ikawa uongo Julai. Wakakubali kuliandika, ingawa nadhani hawakuliamini.

Yeye hakutegemea karatasi peke yake. Alitengeneza programu ndogo inayotuma ujumbe mfupi Bungoma kupitia kila laini, kila dakika, na kuandika muda wa kwenda na kurudi. Laini ya kwanza ilisoma milisekunde 1.1, ya pili 1.9. Siku moja ya Agosti, laini ya pili ikaanza kusoma 1.1.

Mwalimu alikuwa amesimama nyuma yake. "Imeongeza kasi, binti. Mbona uso umekunjamana?"

"Mwalimu, mwanga hauongezi kasi ndani ya kioo. Njia ndiyo imefupika."

Alipiga simu. Mhudumu wa kwanza alimhakikishia kwamba laini ni nzima, hata imeboreka. Wa pili alisema hivyo hivyo. Wa tatu, mhandisi, alinyamaza kidogo akitazama kompyuta yake, kisha akakiri kwamba wakati wa matengenezo upande wa Turbo wimbi lilipitishwa barabara ya Kamukuywa, na matengenezo yalipokwisha hakuna aliyekumbuka kulirudisha. Binti alimsomea kifungu cha mkataba. Kabla ya jioni saa ya programu ilikuwa inasoma 1.9 tena.